Uamuzi wa Mwisho Usiokuwa wa Mwisho: Mahakama na Migogoro ya Kuachishwa Kazi Tanzania Bara

Katika muda wa miaka arobaini, tangu 1964 hadi 2004, zilitungwa sheria tatu ambazo kila moja, kwa namna yake, ilikusudia kuutoa mgogoro wa kazi katika mahakama za kawaida na kuukabidhi kwa chombo chepesi, chenye kumaliza mambo haraka na kwa gharama ndogo. Sheria ya 1964 iliupeleka kwenye Baraza la Usuluhishi na kisha kwa Waziri wa Kazi, ile ya 1967 ikaanzisha Baraza la Kudumu la Kazi, na ya 2004 ikaleta Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wafanyakazi wengi huitaja kwa herufi tatu tu, CMA. Sababu iliyotolewa haikubadilika sana: mtu aliyepoteza mshahara hana uwezo wa kungoja miaka wala wa kumlipa wakili. Hata hivyo mara zote tatu mahakama ilirudi, ingawa kila mara ilipita njia tofauti, na ni katika historia ya njia hizo ndimo mnamoonekana jinsi uamuzi uliokusudiwa kumaliza ugomvi ulivyogeuka kuwa hatua ya kwanza tu ya safari ndefu. Maelezo haya yanahusu Tanzania Bara peke yake, kwa kuwa Zanzibar ina sheria zake za kazi.

Chini ya utawala wa Waingereza, mahakama ilikuwa mahali ambapo mwajiri ndiye aliyemfikisha mfanyakazi. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1923 ilihesabu kuwa kosa la jinai mambo ambayo leo yangemalizwa kwa barua ya onyo, kama vile kutoroka kazini, na adhabu yake ilitolewa na hakimu. Katika mashamba ya mkonge mkataba wenyewe ulikuwa kipande, yaani kadi iliyowekwa alama kwa kila siku ya kazi hadi zitimie siku 30, na mtu ambaye kadi yake imejaa hakuwa ameachishwa kazi na yeyote, kwa kuwa hakuwa na ajira iliyovuka kadi hiyo. Sheria ya Ajira ya 1955 iliweka utaratibu ulio wazi zaidi wa notisi na wa kufukuzwa papo hapo, lakini msingi ulibaki ule wa sheria ya Kiingereza ya mikataba, kwamba mwajiri aliyetoa notisi au aliyelipa mshahara wa kipindi cha notisi hakuwajibika kueleza kwa nini hamtaki tena mtu wake. Aliyethubutu kushtaki na akashinda alipata mshahara wa kipindi hicho, na si zaidi.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya uhuru, na hayakuja katika hali ya utulivu. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, lililoundwa 1955 na ambalo Rashidi Kawawa alikuwa katibu mkuu wake, lilikuwa limepata nguvu bandarini, kwenye reli na katika mashamba, na baada ya 1961 baadhi ya viongozi wake walipinga waziwazi kuwekwa chini ya chama tawala. Maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 yalifuatiwa na kukamatwa kwa viongozi kadhaa wa wafanyakazi, shirikisho likavunjwa, na sheria ikaunda chama kimoja tu, NUTA, ambacho katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa papo hapo Waziri wa Kazi. Mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Usalama wa Ajira, Na. 62 ya 1964. Ni vigumu kuyasoma matukio haya mawili kama yasiyohusiana: mfanyakazi alinyang'anywa chama huru na, kwa kiasi kikubwa, uwezo wa kugoma, akapewa badala yake kinga dhidi ya kufukuzwa ovyo, kinga ambayo baba yake aliyefanya kazi ya kipande hakuwahi kuiota.

Kinga hiyo haikuwa ndogo. Sheria iliambatanishwa na kanuni za nidhamu zilizoorodhesha makosa na kupanga adhabu kwa ngazi, kuanzia onyo la maandishi, karipio na faini hadi kufukuzwa, kwa hiyo mwajiri hakuweza kuruka kutoka kosa la kwanza la kuchelewa hadi kumwonyesha mtu lango. Mahali pa kazi paliundwa kamati ya wafanyakazi, ambayo mwajiri alitakiwa kushauriana nayo kabla ya kutoa adhabu. Mfanyakazi ambaye hakuridhika alipeleka shauri kwenye Baraza la Usuluhishi, lenye wajumbe wa upande wa waajiri na wa upande wa wafanyakazi, na baraza hilo liliweza kuamuru arudishwe kazini, jambo ambalo sheria ya mikataba ya Kiingereza haikuwahi kulikubali. Asiyeridhika na baraza alikwenda kwa Waziri.

Hapo ndipo sheria ilipofunga. Kifungu cha 27 kilitamka kuwa uamuzi wa Waziri ni wa mwisho, na kifungu cha 28 kikazizuia mahakama kusikiliza madai yanayotokana na kufukuzwa papo hapo. Wanasheria huviita vifungu vya aina hii vifungu vya kuondoa mamlaka ya mahakama. Meneja na wenzake wa ngazi za uongozi hawakuhesabiwa kuwa miongoni mwa wafanyakazi waliolindwa, hivyo wao waliendelea kuwa na haki ya kushtaki mahakamani. Ila wakishinda waliambulia mshahara wa notisi, wakati mfagiaji wa kiwanda hichohicho, aliyekatazwa kumwona hakimu, aliweza kurudishwa kwenye ufagio wake kwa amri ya baraza. Haki ya kwenda mahakamani na haki ya kupata nafuu ya maana zilikuwa zimegawiwa kwa watu wawili tofauti.

Mahakama zenyewe ziliukubali mpaka huo kwa muda. Katika shauri la shamba la mkonge la Kitundu, lililoripotiwa 1970, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilithibitisha kuwa kifungu cha 28 kimeziondolea mahakama mamlaka juu ya madai ya kufukuzwa papo hapo, na kwa miaka mingi baadaye uamuzi huo ulitajwa na mawakili wa waajiri kila mfanyakazi alipojaribu kufungua kesi ya kawaida ya madai. Hakuna ajabu katika hilo. Maneno ya kifungu yalikuwa wazi, na majaji wa wakati huo hawakuwa na katiba yenye orodha ya haki ambayo wangeweza kuyapimia.

Upungufu ulionekana katika utendaji. Waziri aliamua kwa kusoma jalada, bila ya kuwaona wahusika, na hakuwa akilazimika kueleza sababu kwa undani, hivyo barua yenye mistari michache ilitosha kumaliza utumishi wa miaka ishirini. Aidha, kiwango cha nafuu kilipunguzwa. Marekebisho ya katikati ya miaka ya 1970 yalimruhusu mwajiri aliyeamriwa kumrudisha mtu kazini akatae kufanya hivyo, mradi amlipe fidia ya kisheria pamoja na mishahara ya miezi 12. Miezi hiyo 12 inafaa kukumbukwa, kwa kuwa ilihamia katika sheria ya 2004 karibu bila kuguswa, na bado ndiyo hesabu ambayo mfanyakazi aliyefukuzwa huanza kuipiga kichwani kabla hajamwona mwanasheria yeyote.

Sheria ya Baraza la Kudumu la Kazi ya 1967 ilihusu zaidi migogoro ya pamoja, yaani ile inayogusa kundi la wafanyakazi na mwajiri wao juu ya mishahara na masharti ya kazi, na nayo ilitamka kuwa tuzo za baraza hazitahojiwa katika mahakama yoyote isipokuwa kwa hoja moja tu, kwamba baraza halikuwa na mamlaka. Baadaye baraza hilo lilibadilishwa jina na kuwa Mahakama ya Kazi ya Tanzania, lakini kizuizi kilibaki. Mtu aliyetaka kuipinga tuzo alilazimika kuyavisha malalamiko yake vazi la hoja ya mamlaka, hata pale ambapo kilichomuuma hasa ni kwamba ushahidi wake haukusomwa.

Njia ambayo mahakama ilipitia kurudi haikuwa rufaa. Mahakama Kuu ilirithi kutoka Uingereza mamlaka ya kusimamia mabaraza na viongozi wa serikali kwa njia ya amri maalumu: amri ya kuuita na kuubatilisha uamuzi uliotolewa kinyume cha sheria, na amri ya kumlazimisha kiongozi atimize wajibu wake. Majaji walianza kusema kwamba neno "mwisho" linafunga rufaa, yaani linazuia kuuliza kama uamuzi ni sahihi, lakini halizuii kuuliza kama aliyeamua alifuata misingi ya haki ya asili, na hasa ule unaotaka kila upande usikilizwe. Tofauti hiyo inaonekana kuwa ya kiufundi, na kweli ni ya kiufundi, lakini juu yake palijengwa karibu kila shauri la kumpinga Waziri katika miaka iliyofuata. Mfanyakazi aliomba kwanza ruhusa ya Mahakama Kuu, na akipewa ndipo aliposikilizwa. Akishinda, mahakama iliubatilisha uamuzi, ila haikuweza kuuandika mwingine mahali pake. Jalada lilirudi kwa Waziri yuleyule.

Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba kwa marekebisho ya 1984 na zikaanza kudaiwa mahakamani 1988. Ibara ya 13(6)(a) ilitamka haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria, na majaji wachache wenye ujasiri waliitumia kwa nguvu. Jaji James Mwalusanya, katika shauri lililoripotiwa 1994 la mtumishi wa umma aliyestaafishwa kwa kinachoitwa manufaa ya umma, alieleza kwamba asiyepewa sababu hawezi kukata rufaa ya maana, kwa hiyo kunyimwa sababu ni kunyimwa haki ya rufaa yenyewe. Shauri hilo halikuwa chini ya Sheria ya Usalama wa Ajira, lakini hoja yake iligusa moja kwa moja ile barua yenye mistari michache.

Muongo wa 1990 uliuchosha mfumo wa zamani kwa njia ya kawaida kabisa. Mashirika ya umma yalibinafsishwa au kufungwa, wafanyakazi wakapunguzwa kwa wingi, na taasisi zilizobuniwa kwa ajili ya uchumi wa mwajiri mmoja mkubwa, yaani serikali, zikajikuta zikishughulika na waajiri binafsi wasiokuwa na subira na barua za wizarani. Zikatungwa sheria mbili, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, na Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka huohuo. Waandishi wake waliegemea sana mfano wa Afrika Kusini, ambayo sheria yake ya mahusiano ya kazi ya 1995 ilikuwa imeunda tume ya usuluhishi na uamuzi pamoja na mahakama maalumu ya kuisimamia.

Utaratibu mpya huanza na karatasi. Mfanyakazi hujaza Fomu Na. 1 ya Tume, akaweka alama kuonyesha aina ya mgogoro, akaeleza sababu na utaratibu anaoulalamikia, akampelekea mwajiri nakala, na kuiwasilisha ndani ya siku 30 tangu alipoachishwa. Akichelewa, huomba kwanza kusamehewa muda. Msuluhishi, ambaye kazi yake ni kuwapatanisha na wala si kuamua, hupewa siku 30. Wakishindwa kupatana, shauri huenda kwa mwamuzi, ambaye husikiliza ushahidi na kutoa tuzo yenye sababu ndani ya siku 30 baada ya usikilizaji kumalizika. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri, ambaye hutakiwa kuonyesha mambo mawili, kwamba alikuwa na sababu halali na kwamba alifuata utaratibu wa haki, ikiwa ni pamoja na kumpa mfanyakazi muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa kabla ya kikao cha nidhamu. Tuzo huzifunga pande zote mbili, na hukazwa kama hukumu ya mahakama.

Sheria haikutoa rufaa dhidi ya tuzo hiyo. Kifungu cha 91 kilitoa kitu chembamba zaidi, ambacho kwa lugha ya mahakama za Tanzania huitwa marejeo, yaani maombi ya kuitaka Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ilirejee jalada la Tume na kuitengua tuzo iwapo mwenendo una dosari. Maombi hayo hupelekwa ndani ya wiki sita tangu tuzo kupokewa. Hoja zilizokubaliwa mwanzoni zilikuwa mbili, utovu wa maadili wa mwamuzi na tuzo kupatikana kwa njia isiyofaa, na laiti kifungu kingebaki hivyo, mashauri machache mno yangefika kwa jaji. Lakini kanuni za Divisheni ya Kazi za 2007 zilikuwa zimekwisha kuweka, katika kanuni ya 28, maneno mapana zaidi, yakiwamo kosa linalogusa kiini cha shauri na kusababisha dhuluma, na marekebisho ya 2010 yakaongeza katika sheria yenyewe hoja ya tatu, kwamba tuzo ni kinyume cha sheria, haina mantiki au haiingii akilini. Tangu hapo tofauti kati ya marejeo na rufaa imebaki zaidi katika jina la maombi kuliko katika yanayobishaniwa mbele ya jaji.

Afrika Kusini ilipambana na swali hilohilo wakati huohuo. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo, katika shauri la mlinzi wa mgodi wa platinamu wa Rustenburg aliyefukuzwa kwa kutofuata utaratibu wa upekuzi, iliweka kipimo kwamba tuzo hutenguliwa tu ikiwa hakuna mwamuzi mwenye busara ambaye angeweza kuifikia. Kipimo hicho humtaka jaji avumilie uamuzi ambao yeye mwenyewe asingeutoa. Tanzania ilichukua taasisi za jirani yake kuliko ilivyochukua uvumilivu huo, na majaji wake, waliolelewa katika utamaduni wa rufaa za madai ambamo ushahidi hupimwa upya, wameendelea kuupima.

Haitakuwa sawa kuihesabu tabia hiyo kuwa hasara tupu. Sheria ya 2004 ilisema kuwa fidia ya aliyeachishwa isivyo haki isipungue mishahara ya miezi 12, na waamuzi wengi waliitoa miezi hiyo hata pale ambapo mwajiri alikuwa na sababu thabiti, mathalani wizi uliothibitishwa, ila akakosea hatua moja ya kikao cha nidhamu. Divisheni ya Kazi, katika shauri la marejeo la kampuni ya Sodetra lililofunguliwa 2008, ilichukua msimamo kwamba kosa la utaratibu pekee haliwezi kuwa na uzito sawa na kukosa sababu kabisa, kwa hiyo fidia inaweza kushuka chini ya miezi 12. Msimamo huo ulibishaniwa kwa zaidi ya miaka kumi hadi Mahakama ya Rufani ilipouunga mkono 2021. Rufaa kwenda mahakama hiyo huruhusiwa kwa hoja ya sheria pekee, na hili lilikuwa hoja ya sheria halisi, ambayo hakuna mwamuzi mmoja wa Tume angeweza kuimaliza kwa niaba ya wenzake.

Upande mwingine wa usimamizi huu hauleti faraja. Katika rufaa kadhaa zilizoamuliwa kuanzia mwishoni mwa muongo wa 2010, Mahakama ya Rufani ilibatilisha mwenendo mzima wa Tume kwa sababu mashahidi hawakuapishwa kabla ya kutoa ushahidi, au kwa sababu mwamuzi hakuweka saini yake mwishoni mwa ushahidi wa kila shahidi. Mantiki yake ni nzuri: bila kiapo maneno hayo si ushahidi, na bila saini hakuna wa kuthibitisha kuwa yaliyoandikwa ndiyo yaliyosemwa. Lakini kosa lilikuwa la mwamuzi, na aliyeadhibiwa alikuwa mhusika, ambaye baada ya kupita kwa msuluhishi, kwa mwamuzi, Divisheni ya Kazi na Mahakama ya Rufani aliambiwa shauri lirudi Tume lisikilizwe upya mbele ya mwamuzi mwingine. Miaka kadhaa ilipotea kwa kukosekana kwa saini ambayo huchukua muda wa kupumua mara moja. Waajiri wenye mawakili walijifunza haraka kwamba jalada la Tume hukaguliwa kwanza kwa kalamu nyekundu, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya kufikiria kama mtu alifukuzwa kwa haki au la. Nao wafanyakazi, pale tuzo ilipokuwa dhidi yao, wakajifunza vivyo hivyo. Kwa kuwa mahakama ina uwezo wa kusimamisha ukazaji wa tuzo wakati marejeo yakingoja kusikilizwa, wiki sita za sheria zimekuwa kwa mdaiwa kipindi cha kununua muda.

Kulikuwa na ugumu mwingine ambao haukuandikwa katika kifungu chochote. Mbele ya mwamuzi watu walisema Kiswahili, mwamuzi akaandika Kiingereza akiwa anasikiliza, na jaji wa marejeo akausoma Kiingereza hicho kana kwamba ndiyo maneno ya shahidi, kisha mawakili wakabishana juu ya maana ya kitenzi ambacho msimamizi wa ghala hakuwahi kukitamka. Marekebisho ya sheria ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na mabaraza yameanza kuliondoa tatizo hilo, na pengine kwa mtu wa kawaida ndiyo hatua iliyoyaleta marejeo karibu naye zaidi ya kanuni zote za 2007.

Wakati huohuo sehemu moja ya waajiriwa imerudishwa nje. Marekebisho ya 2016 yaliongeza kifungu cha 32A katika Sheria ya Utumishi wa Umma, kinachomtaka mtumishi wa umma amalize kwanza njia za ndani za sheria hiyo kabla ya kutumia sheria za kazi, na Mahakama ya Rufani, katika shauri la 2022 lililohusu Shirika la Posta, ikaeleza kuwa Tume haina mamlaka juu ya mgogoro wa mtumishi wa namna hiyo. Njia za ndani hupitia Tume ya Utumishi wa Umma na kufika kwa Rais, na asiyeridhika baada ya hapo huiomba Mahakama Kuu ruhusa ya kuupinga uamuzi kwa zile amri maalumu zilizorithiwa. Mhasibu wa benki binafsi na mhasibu wa halmashauri waliofukuzwa siku moja kwa kosa la aina moja wanafikia leo Mahakama Kuu hiyohiyo, wa kwanza akiiomba ipime kama tuzo ina mantiki, na wa pili akiiomba ruhusa ya kuuliza kama alisikilizwa.